Mungu Akipenda, Haki ya Mungu, Mungu Wangu: Tunalibebaje Jina Lake?

Tumsifu Yesu Kristo!

Natumaini umeitika, hata kama ni moyoni tu, maana pengine uko kwenye daladala na hutaki jirani akushangae. Leo hatuendi mbali. Nataka tukae na maneno ambayo mimi na wewe tumeshayasema leo hii, pengine hata kabla ya kunywa chai.

Hebu jihesabu mwenyewe. Umeamka, mama kakuuliza hali, umemjibu: "Namshukuru Mungu." Umemtumia mtu ujumbe: "Tutaonana jioni, Mungu akipenda." Bodaboda imekatiza ghafla mbele yenu: "Yesu na Maria!" Rafiki amekataa kuamini habari uliyompa: "Haki ya Mungu tena!" Mtu amekulipia nauli: "Ubarikiwe sana." Mwingine kakudhulumu chenji, umemwachia: "Mungu anakuona." Kwenye grupu la WhatsApp kuna picha ya Bikira Maria, chini yake zimejipanga "Amina" arobaini, na moja ni yako. Hapo bado hata saa sita mchana haijafika, na Malaika wa Bwana hatujasali.

Na si sisi Wakatoliki tu. Ndugu zetu Walokole watakusalimia "Bwana Yesu asifiwe". Jirani Mwislamu atakwambia "Inshallah", "Alhamdulillahi", "Wallahi", na wewe mwenyewe Mkatoliki unayasema hayo hayo bila kufikiri, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulia. Hata yule anayesema wazi kwamba hana dini, simu yake ikidondoka utamsikia: "Mungu wangu!" Kiswahili chetu kimejaa Mungu. Rais wetu wa Tanzania akila kiapo, anakimalizia kwa kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie. Wimbo wetu wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu baraka.

Mimi naona hii ni neema. Ziko lugha ambazo jina hilo limezama ndani ya neno mpaka halisikiki tena. Neno la Waingereza la kuagana, goodbye, lilianza kama dua, kwamba Mungu awe pamoja nawe, likafupishwa na kufupishwa. Wahispania wanasema ojalá wakitamani jambo litokee, na wengi hawajui kwamba ndani yake kuna jina la Allah, neno walilolipata kwa Waarabu. Kwetu bado. Ukisema "Mungu akipenda", kila mtu anasikia umemtaja nani.

Sasa ndipo linapokuja swali langu la leo: yule anayetusikia tukimtaja Mungu kutwa nzima, anajifunza nini kuhusu huyo Mungu?

Mdhamini ambaye hakuulizwa

Nina rafiki yangu ni fundi simu. Alibatizwa akiwa mtoto, lakini leo anasema wazi kwamba haamini kama Mungu yupo. Si mtu wa matusi, wala hana ugomvi na Kanisa. Tunataniana, tunakula pamoja, na Krismasi anakuja nyumbani.

Mwaka mmoja wakati wa Kwaresima, mwanakwaya mmoja wa parokia yetu alimpelekea simu iliyopasuka kioo. Kazi ilikuwa ya shilingi 45,000. Akatoa 15,000, na kwa hizo 30,000 zilizobaki akasema: "Fundi, haki ya Mungu, mwisho wa mwezi nakumalizia." Fundi akampa simu yake. Mwisho wa mwezi ukapita. Alipokumbushwa: "Wiki ijayo, Mungu akipenda." Ikapita. "Tumwombe tu Mungu, mambo yatakaa sawa." Pasaka ikaja, Pentekoste ikaja, hadi tunaingia Majilio deni liko vile vile, na kila Dominika fundi anamwona jamaa anapita mbele ya fremu yake na sare ya kwaya, akienda kumwimbia Mungu yule yule.

Siku moja nimekaa pale kwenye fremu, akaniambia, bila hasira, macho yako kwenye simu aliyokuwa anaifungua kwa bisibisi: "Unajua, mimi yule simdai tena. Alinipa Mungu wenu awe mdhamini. Sasa wewe unayemjua, hebu niambie, huyo mdhamini nampata wapi?"

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikanikauka. Maana alichosema yule asiyeamini ndicho Kanisa linachofundisha. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2147. Inafundisha kwamba ahadi anayopewa mtu kwa jina la Mungu inashikilia heshima ya Mungu mwenyewe, uaminifu wake na ukweli wake. Kuivunja ni kulitumia vibaya jina lake, na kwa namna fulani ni kumfanya Mungu mwongo.

Soma tena taratibu. Kumfanya Mungu mwongo! Mimi na wewe tulizoea kudhani amri ya pili inawahusu watu wanaotukana mbinguni, wale wa kufuru kubwa kubwa. Tunaifikia pale kwenye orodha ya kutafuta dhamiri kabla ya kuungama, tunasema "hiyo sina", tunaendelea na amri ya nne. Kumbe katika Kitabu cha Kutoka 20:7, neno la Kiebrania linalotumika pale lina maana ya kuinua au kubeba. Mungu anakataza jina lake lisibebwe bure. Na sisi tuliobatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu tunalibeba jina hilo kila mahali: sokoni, kijiweni, hostel, ofisini, hadi kwenye fremu ya fundi simu. Hatuna siku ambayo hatujalibeba. Swali ni namna tunavyolibeba.

Hakyanani

Vijana wa mjini tumepata njia yetu ya kukwepa. Badala ya kusema "haki ya Mungu" tunasema "hakyanani". Haki ya nani? Ya nani hasa? Hata tunayemwapia hatumtaji. Wengine wanaapa "haki ya mama", wengine "Mungu mmoja!" kidole kikiwa juu, wengine "nife sasa hivi". Halafu tunajipa moyo kwamba hatujamtaja Mungu kwa jina, basi si kiapo kamili.

Unajua ujanja huu ni wa zamani sana? Soma Mathayo 5:33-37. Watu wa wakati wa Yesu nao waliliogopa jina la Mungu, kwa hiyo wakaapa kwa mbingu, kwa nchi, kwa Yerusalemu, kwa vichwa vyao. Katika sura ya 23 ya Injili hiyo hiyo tunawakuta viongozi waliofundisha kwamba ukiapa kwa hekalu hujafungwa na kitu, ila ukiapa kwa dhahabu ya hekalu umefungwa. Yaani walishatengeneza viapo vyenye mlango wa nyuma. Yesu anaufunga mlango ule. Mbingu ni kiti cha nani? Nchi ni ya nani? Hata unywele wa kichwa chako huwezi kuugeuza rangi. Kila unachokiapia kinarudi kwa Mungu, hata ukikiita "nani". Halafu anatoa dawa fupi: ndiyo yako iwe ndiyo, na siyo yako iwe siyo.

Je, basi Mkatoliki haruhusiwi kuapa kabisa? Hapana. Kanisa linakubali kiapo kwa sababu nzito na ya haki, kwa mfano mahakamani (KKK 2154). Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1199, inasema kiapo ni kumwita Mungu awe shahidi wa ukweli, na kinataka mambo matatu: ukweli, busara na haki. Sasa pima. Mabishano ya kama goli lilikuwa halali au mchezaji alikuwa ameotea, unamwita Muumba wa mbingu na nchi aje atoe ushahidi? Yoshua bin Sira anatuonya katika sura ya 23:9-11 tusiuzoeze mdomo kuapa wala kulitaja jina la Mtakatifu ovyo ovyo. Alijua kwamba kitu ukikizoea sana hukisikii tena.

Na kuna jambo lingine. Mwangalie Petro usiku ule uani kwa kuhani mkuu (Mt 26:69-75). Mara ya kwanza anakana tu. Mara ya pili anakana kwa kiapo. Mara ya tatu analaani na kuapa. Kadiri anavyosogea mbali na ukweli, ndivyo viapo vinavyoongezeka. Ni hivyo hivyo hata kwetu. Mtu ambaye neno lake linatosha huwa haapi apii. Ukiona mdomo wako unahitaji "haki ya Mungu" ili watu wakuamini kwamba umeshafika kituoni, kumbe hujatoka hata kitandani, tatizo haliko kwa wanaokusikiliza.

Mungu akipenda, ila mimi je?

Neno hili nalipenda kuliko yote, na ndilo tunalolionea kuliko yote.

Limetoka wapi? Mtume Yakobo, sura ya 4:13-15, anazungumza na wafanyabiashara waliokuwa wanapanga: leo au kesho tutakwenda mji fulani, tutakaa mwaka, tutapata faida. Anawakumbusha kwamba hawajui hata ya kesho, uhai wao ni kama mvuke. Anawafundisha waseme kwamba Bwana akipenda wataishi na kufanya hiki au kile. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa jambo la jinsi hiyo katika sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24: mtu asiseme atafanya jambo kesho bila kuongeza kwamba Mungu akipenda. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu wa hapa kwetu wanapokubaliana kukutana kesho wakasema "Mungu akipenda" na "Inshallah", wote wawili wanakiri kwamba kesho si mali yao.

Sasa angalia tulivyoligeuza. Fundi cherehani anakwambia: "Njoo Ijumaa, Mungu akipenda", wakati kitambaa chako hata hajakikata. Unaalikwa kwenye mkesha wa vijana, hutaki kwenda, na huna ujasiri wa kusema hutaki. Unajibu: "Nitajitahidi, Mungu akipenda." Ukweli ni kwamba Mungu amependa. Amekupa afya, amekupa muda, hata nauli unayo. Asiyependa ni wewe. Lakini kwa adabu zetu hatupendi kusema "hapana" usoni mwa mtu, kwa hiyo tunampa Mungu kazi ya kuisema kwa niaba yetu. Usipoonekana, lawama iko kwake: hakupenda.

Mtume Paulo alilisema neno hili hili, na mimi napenda kumtazama alivyolitumia. Katika Matendo ya Mitume 18, watu wa Efeso walimwomba akae nao zaidi. Akakataa kwa kuwa alikuwa na safari, akawaambia atarudi tena kwao Mungu akipenda. Angekuwa mmoja wetu, Efeso wangeshajua: huyo ndiyo kaenda. Lakini fungua sura inayofuata, mstari wa kwanza kabisa: Paulo anapita nchi za bara, kwa safari ndefu ya nchi kavu, na anaingia Efeso. Mwisho wake alikaa kule miaka mitatu (Mdo 20:31). "Mungu akipenda" ya Paulo ilikuwa na miguu. Alimwachia Mungu kile ambacho hakikuwa mikononi mwake, na kilichokuwa mikononi mwake akakifanya.

Turudi kwa yule mwanakwaya. Niliamua kwenda kumwona peke yake, kama Yesu anavyotuelekeza katika Mathayo 18:15, sikutaka kulipeleka kwenye jumuiya wala kwenye kwaya. Mwanzoni alikasirika: "Mungu ndiye anayejua hali yangu!" Tukakaa. Kumbe hali yake ilikuwa mbaya kweli. Kibarua kilikuwa kimesimama miezi, na ana wadogo zake wanamtegemea. Nilimwonea huruma, na bado namwonea. Kukosa hela si dhambi, ndugu yangu. Nusu ya sisi tunaosoma hapa tuna deni mahali. Lakini aliona aibu kusema "sina, na sijui nitapata lini", na kila aibu ilipomjia akalichukua jina la Mungu akalifunikia. Jina lile limekuwa kama kanga ya kufunika aibu zetu.

Alikwenda kwa fundi akamwambia ukweli. Wakakubaliana 10,000 kwa awamu tatu. Ilichukua muda, lakini iliisha. Siku ya awamu ya mwisho fundi aliniambia: "Safari hii hakuapa. Aliniambia Ijumaa, akaja Ijumaa."

Hajaokoka, hajarudi kanisani, sitaki kukudanganya. Ila ile habari ya mdhamini hakuirudia tena.

Asiyeamini anaposema "Mungu wangu"

Tuje upande wa pili, maana na huko tunakosea.

Kuna usiku mtoto wa huyu rafiki yangu alizidiwa, tukamkimbiza hospitali. Tumekaa kwenye benchi la nje tunasubiri. Daktari alipotoka mlangoni, kabla hata hajafungua mdomo, fundi alishika kichwa kwa mikono miwili akasema kwa sauti ya chini: "Mungu wangu. Mungu wangu." Mtu mmoja tuliyekuwa naye, muumini mzuri tu, akaona ndiyo nafasi: "Umeona sasa? Si huwa unasema hayupo!"

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini kauli ile ilinichoma, na nilipofika nyumbani nikafungua Injili ya Marko 15:34-36. Bwana wetu msalabani anapaza sauti kwa lugha ya kwao, anamwita Mungu wake, anauliza kwa nini amemwacha. Na waliosimama pale wanafanya nini? Wanasikia vibaya, wanasema anamwita Eliya. Wanageuza kilio kuwa kitu cha kutazama: ngoja tuone kama Eliya atakuja.

Neno lile "Mungu wangu" linalotutoka simu ikidondoka, au timu yetu ikifungwa dakika ya tisini, ndilo neno alilolilia Yesu akiwa anakufa. Kwa hiyo mtu yeyote akilisema akiwa kwenye uchungu wa kweli, awe anaamini au haamini, mimi sitaki kuwa miongoni mwa wale waliosimama pembeni wakitafuta pa kumkamatia. Siku chache baadaye nilimuuliza fundi kuhusu usiku ule. Akanitazama: "Nilisema hivyo? Sikumbuki. Labda ni mdomo tu." Labda ni mdomo tu, kweli. Labda si mdomo tu. Mungu, ambaye Maandiko yanasema huutazama moyo, anajua, na hakunipa mimi kazi ya kupekua.

Sisi kazi tuliyopewa ni nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 19 ya mwaka 1965, ulisema jambo ambalo waumini wengi hatupendi kulisikia: kwamba sisi waamini tunaweza kuwa na sehemu kubwa katika watu kukosa imani, pale tunapozembea malezi ya imani yetu, tunapoifundisha vibaya, au maisha yetu yanapoasi tunachokiri, tukauficha uso wa kweli wa Mungu badala ya kuuonyesha. Yaani mtu anaweza kumkataa Mungu ambaye sisi ndio tulimchorea. Kama Mungu anayemjua fundi ni yule wa "haki ya Mungu mwisho wa mwezi", basi hata mimi Mungu huyo simwamini.

Amina na uaminifu

Nimalizie na neno dogo kuliko yote, lile tunalolibandika chini ya kila picha: Amina.

Hapa sisi Waswahili tuna bahati ambayo wengi hawana. Amina ni neno la Kiebrania, na mzizi wake una maana ya kitu imara, kisichotikisika, unachoweza kukiegemea. Kiarabu nacho kina mzizi huo huo, na kupitia Kiarabu ukaingia kwetu. Sikiliza: amini. Imani. Amana. Amani. Muumini. Mwaminifu. Yote hayo ni ndugu wa Amina, ukoo mmoja. Katekisimu inalieleza hilo kwa Kiebrania (KKK 1062), ila wewe huhitaji kujua Kiebrania, masikio yako yanatosha. Katika lugha yetu anayeamini na anayeaminika wametoka nyumba moja. Huwezi kusema "Amina" kanisani asubuhi halafu mchana watu wasiweze kukuachia amana ya shilingi elfu kumi.

Paulo aliliona hilo. Wakorintho walimlaumu kwamba alipanga kuwatembelea na hakufika kama alivyopanga, wakamwona ni mtu wa ndiyo na siyo kwa wakati mmoja. Angeweza kuwajibu "Mungu hakupenda" akamaliza. Badala yake, katika 2 Wakorintho 1:15-20, anachukua nafasi kujieleza, kwa sababu anajua wakiacha kuamini neno lake la safari wataacha kuamini na neno lake la Injili. Anawaambia kwamba katika Kristo ahadi zote za Mungu ni Ndiyo, na ndiyo maana kwa njia yake sisi tunasema Amina. Kwa hiyo kila Amina yetu imeegemea juu ya Ndiyo ya Yesu, ambaye hakubadilisha neno lake hata lilipomfikisha msalabani.

Wiki hii tufanye nini?

Sikwambii uache kumtaja Mungu. Hasha! Tukinyamaza wote, lugha yetu itakuwa kavu. Mtakatifu Yohane Paulo II, jioni ile ya tarehe 16 Oktoba 1978 alipotokea kwa mara ya kwanza kwenye roshani mbele ya watu wa Roma, alianza na salamu hii hii yetu, ya kumsifu Yesu Kristo. Tuendelee nayo. Ila nakuomba tujaribu mambo matatu.

Kwanza, chagua neno moja tu kati ya yale unayoyasema sana, na wiki nzima lisikilize kila linapotoka. Kama ni "Mungu akipenda", jiulize pale pale: sehemu yangu ni ipi, na nitaifanya? Kama huendi, sema kwa upole, "Hapana, samahani, sitaweza kuja." Hiyo nayo ni heshima kwa jina la Mungu.

Pili, kama kuna mtu uliyemwapia kwa Mungu na hujatimiza, nenda kwake. Kama unacho, mpe. Kama huna, mwambie huna. Halafu lipeleke kwenye kiti cha kitubio.

Tatu, ukisikia jina la Mungu likichezewa, usianzishe vita kijiweni. Mwaka 1797 huko Roma padre mmoja Mjesuiti, Luigi Felici, alitunga sifa fupi fupi za kumtukuza Mungu kwa ajili ya kufidia makufuru, na Mapapa wakaja kuongeza nyingine. Ndizo zile tunazozisema baada ya Baraka ya Sakramenti Kuu, tunapomtukuza Mungu na jina lake takatifu. Zijifunze kwa moyo. Mtu akilitupa jina lile chini, wewe liokote kimya kimya, ulibusu, uliweke mahali pake.

Na kama una rafiki asiyeamini, mwombee. Mtajie Mungu pale unapokuwa na nia ya kutimiza. Ukimwambia "nitakuombea", muombee kweli, usiku huo huo, kabla hujalala.

Tusali: Ee Baba, tangu ubatizo wetu tunalibeba jina lako. Utusamehe pale tulipolifanya kifuniko cha uvivu na aibu zetu. Utupe ndiyo iliyo ndiyo na hapana iliyo hapana. Uwakumbuke wote wanaokuita leo bila kujua kama wanakuita. Na sisi tunaosema Amina, utufanye waaminifu. Kwa Kristo Bwana wetu.

Na wewe itikia, ila safari hii taratibu.